Chembe Iliyoanguka Ardhini: Shule za Kanisa na Somo la Mwaka 1970



Wapenzi wasikilizaji, Injili tuliyoisikia Jumapili hii inatuonyesha Wagiriki kadhaa waliopanda kwenda Yerusalemu wakati wa sikukuu. Hao si Wayahudi kwa kuzaliwa. Wanamwendea Filipo na kumwomba awapeleke kwa Yesu, kwa maana wanataka kumwona. Filipo anamwambia Andrea, nao wawili wanamwambia Bwana. Tungetazamia kwamba Bwana atawakaribisha wageni hao kwa maneno matamu. Badala yake anaanza kusema habari za chembe ya ngano: isipoanguka ardhini na kufa hubaki peke yake, lakini ikifa huzaa matunda mengi.

Kwa nini jibu hilo kwa ombi lile? Mababa wa Kanisa wameeleza mengi, nasi hatuna nafasi ya kuyapitia yote. Yatosha kuona jambo moja. Watu wa nje wamekuja mlangoni, na Bwana anatangaza kwamba mlango huo utafunguliwa kwa gharama. Atakayetaka wageni wamwone Kristo hana budi kukubali kupoteza kitu alichokishika mkononi.

Leo nataka tulitazame neno hilo katika historia ya nchi yetu ya Tanzania, na hasa katika historia ya shule. Tumezoea kuusikia mfano wa chembe ya ngano mazishini, kana kwamba unamhusu mtu mmoja mmoja tu. Hata hivyo, Kanisa lenyewe lina mambo ambayo limeyapanda, limeyamwagilia, limeyapenda, na siku moja limeyaona yakianguka ardhini. Shule zake ni mojawapo ya mambo hayo.

Na tuanze Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja na kufungua misioni katika mji huo. Bagamoyo ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka bara na meno ya tembo, pamoja na watu waliofungwa minyororo. Wamisionari walitoa fedha na kuwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na baba wala mama wa kumrudia, na pengine hakujua hata njia ya kwao. Kwa hiyo misioni ililazimika kuwa kwake nyumba, shamba, karakana na darasa kwa pamoja. Alifundishwa sala, akafundishwa kusoma na kuhesabu, akafundishwa useremala, uhunzi na kilimo. Maisha ya misioni yalikuwa na amri nyingi na kengele nyingi, wala hatuna haja ya kuyapamba kupita kiasi. Lakini tulikumbuke hili tunapoendelea: shule ile ya mwanzo ilijengwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa amenunuliwa na kuuzwa, ambaye hakuna mtu aliyeweza kumlipia ada.

Matunda ya malezi ya namna hiyo tunayaona katika maisha ya Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa mbali sana na sisi, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mganga na katekista. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa ziwa lile mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alitumia zaidi ya miaka 60 kuponya watu wa nchi isiyokuwa yake, bila kuuliza kwanza ni nani aliyebatizwa na ni nani asiyebatizwa.

Katika miaka iliyofuata misioni zilienea. Wabenediktini walijenga Peramiho na Ndanda upande wa kusini. Mapadre Weupe walikaa Ushirombo, Tabora na Bukoba. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda Kilimanjaro. Kila walipokwenda, shule ilikwenda pamoja nao. Kwa kawaida ilikuwa banda la nyasi, au kivuli cha mti tu. Katekista alikuwa na ubao mmoja, katekisimu moja na kengele iliyotengenezwa kwa kipande cha chuma. Katika nchi za Ziwa Viktoria, kuwa Mkristo na kuwa msomaji yalikuwa mambo yaliyokwenda pamoja hata watu hawakuyatenganisha. Kusoma kulikuwa njia ya ubatizo, na ubatizo ulikuwa mlango wa kusoma.

Hapo ndipo penye baraka, wapendwa, na hapo hapo ndipo penye fundo. Maana ikiwa shule ni mlango wa ubatizo, je, mtoto ambaye wazazi wake hawataki ubatizo atapita wapi?

Tusogee mbele hadi miaka ya 1920. Waingereza wamekwisha kuchukua utawala wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1925 Serikali ya London ilitoa tamko la siasa ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika. Kwa ufupi lilisema hivi: misioni ziendelee kuendesha shule, Serikali itatoa ruzuku, lakini ruzuku itakwenda kwa shule zenye walimu waliohitimu na zinazokubali ukaguzi. Banda la katekista halikufikia kipimo hicho. Wamisionari wengi wakawa na shaka. Walijiuliza kama walikuja Afrika kuhubiri Injili au kujaza fomu za wakaguzi.

Roma ikamtuma mjumbe. Mwaka 1927 Baba Mtakatifu alimteua Monsinyori Arthur Hinsley, Mwingereza, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Westminster na Kardinali, azitembelee misioni katika makoloni ya Kiingereza barani Afrika. Mwaka 1928 alikutana na maaskofu na wamisionari hapa Dar es Salaam. Maneno aliyowaambia yamekumbukwa hata leo, kwa kuwa hakuna aliyetazamia kuyasikia kutoka kwa mjumbe wa Baba Mtakatifu. Aliwaambia kwamba pale ambapo haiwezekani kubeba kazi zote mbili, yaani kuinjilisha moja kwa moja na kuendesha shule, basi wayaache makanisa yao nyuma kidogo ili wazikamilishe shule zao.

Wapenzi wasikilizaji, tuyapime maneno hayo kwa haki. Monsinyori Hinsley hakuidharau Injili. Aliona kwamba Afrika inayokuja itaongozwa na watu waliosoma, na kwamba Kanisa likikosekana darasani litakosekana pia katika baraza, katika mahakama, katika hospitali na katika magazeti. Naye hakukosea. Kutokana na uamuzi wa wakati ule zilikua shule ambazo majina yake yanajulikana na kila Mtanzania mwenye umri: Mtakatifu Fransisko kule Pugu, Mtakatifu Maria kule Tabora, Ihungo ya Bukoba, Tosamaganga ya Iringa, Umbwe ya Kilimanjaro, na baadaye Marian College ya masista wa Maryknoll kule Morogoro, iliyowafungulia wasichana mlango uliokuwa umefungwa kwa muda mrefu. Vikaja na vyuo vya ualimu na vya uuguzi. Mapadre na masista walitumia ujana wao wote kufundisha hesabu na sayansi katika lugha ambayo wengi wao waliijifunza ukubwani.

Lakini kila uamuzi mkubwa una gharama yake, na huu nao ulikuwa nayo.

Gharama ya kwanza ilimwangukia katekista. Mwalimu mwenye cheti alipata mshahara wa ruzuku. Katekista alibaki na kuku wa sadaka. Yule aliyelianzisha Kanisa kijijini akawa mtu mdogo mbele ya mwalimu wa shule ile ile aliyoianzisha yeye.

Gharama ya pili ilikuwa mashindano. Palikuwa na vijiji ambavyo Wakatoliki walijenga shule na Walutheri wakajenga yao upande wa pili wa kijito, madarasa ya wote wawili yakiwa nusu tupu, huku wilaya nyingine hazina hata darasa moja. Ramani ya shule ilifuata ramani ya misioni, na ramani ya misioni haikufuata mahitaji ya watoto.

Gharama ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo yapasa tuitaje bila kuificha. Watu wa pwani walijua kusoma na kuandika karne nyingi kabla ya misioni kufika. Watoto wao walisoma chuoni kwa mwalimu, wakaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zao zinasomwa hadi leo. Serikali ya kikoloni haikuyahesabu hayo kuwa ni elimu. Ilipopeleka ruzuku katika shule za misioni, mzazi Mwislamu alijikuta njia panda. Ama ampeleke mwanawe shule ya mapadre, akihofu kwamba atarudi na jina jingine, ama ambakize nyumbani aone jirani yake Mkristo akiwa karani, mwalimu na mganga. Wengi walichagua kuwabakiza nyumbani. Uhuru ulipokaribia, tofauti hiyo ilionekana wazi katika kila ofisi. Hatusemi kwamba wamisionari waliikusudia. Twasema kwamba mtoto aliyeachwa nje hakuhoji kama aliachwa kwa makusudi au la. Aliona tu kwamba yuko nje.

Basi tunafika kwenye Uhuru, mwaka 1961. Hesabu za mwaka huo, ambazo Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alizitaja baadaye katika maandiko yake juu ya elimu, zinatisha. Katika Tanganyika nzima watoto waliokuwa shule za msingi walikuwa kama 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne. Shule za sekondari zilikuwa na wanafunzi 11,832 tu. Waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Nchi nzima, wapendwa: vijana 176. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa misioni.

Na ni nani aliyekuwa akizisoma hesabu hizo? Alikuwa mwalimu wa shule za Kanisa. Nyerere alifundishwa dini katika misioni ya Nyegina karibu na Musoma na akabatizwa mwaka 1943. Alipotoka Makerere, Padre Richard Walsh alimwita kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha Pugu, na ni Pugu alikoacha ualimu mwaka 1955 ili ashike kazi ya siasa. Mtu huyu alilijua Kanisa kutoka ndani. Alijua wema wa shule zake, na alijua pia nani alikuwa akikaa kwenye madawati yake na nani hakuwapo.

Baada ya Uhuru Serikali ilizifuta shule za ubaguzi wa rangi, ikapiga marufuku kumkataa mtoto kwa sababu ya rangi au dini yake. Mwezi Machi 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililolalamika kwamba shule zetu zinawaandaa wachache waukimbie umma uliowalipia. Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970. Kwa sheria hiyo shule zote zilizokuwa zikipata ruzuku ya Serikali ziliwekwa chini ya Serikali. Pugu, Tabora, Ihungo, Tosamaganga, Umbwe na mamia ya shule za msingi katika vigango, zote zilitoka mikononi mwa Kanisa. Marian College ikaitwa Kilakala. Mtakatifu Maria ya Tabora ikaitwa Milambo. Seminari peke yake ndizo zilizobaki.

Jaribuni kufikiri jinsi habari hiyo ilivyopokewa katika nyumba za mapadre na konventi za masista. Kulikuwa na wazee waliokuwa wamechoma matofali ya shule hizo kwa mikono yao. Kulikuwa na waumini waliobeba mawe kichwani kila Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi, mpaka darasa likapata paa. Sasa ufunguo ulikabidhiwa kwa ofisa elimu. Wengine walisikitika, wengine walikasirika, na wapo waliosema kwamba kazi ya miaka mia imeisha.

Lakini Kanisa la Tanzania halikutangaza vita na Serikali yake. Tayari mwaka 1968 maaskofu walikuwa wameandika barua ya kichungaji wakilitazama Azimio la Arusha kwa jicho la Injili na kuwahimiza waumini kushiriki katika ujenzi wa jamii ya haki. Katika nchi nyingine jambo kama hili lilileta kesi, maandamano na uhasama wa miaka mingi. Hapa kwetu shule zilipokewa kwa amani, na mapadre na masista wengi waliendelea kufundisha katika madarasa yale yale, sasa wakiwa waajiriwa wa Serikali. Vipindi vya dini vilibaki katika ratiba, na watoto wa kila dini wakafundishwa na watu wa dini yao.

Chembe ilikuwa imeanguka. Je, ilizaa?

Sitaki kupaka rangi. Baadhi ya mambo yalikufa na hayakufufuka upesi. Taifa maskini lilibeba mzigo mkubwa kwa haraka, hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuelekeza kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi. Madawati hayakutosha, vitabu havikutosha, walimu waliandaliwa mbiombio. Majengo mengi yaliyokuwa fahari ya misioni yalipasuka kuta na kukosa vioo. Malezi ya kiroho yalififia mahali pengi. Hayo ni kweli, na anayeyakanusha hajapita katika shule hizo.

Lakini kuna matunda ambayo yasingeonekana kwa njia nyingine. La kwanza ni dawati. Mtoto wa Mzaramo Mwislamu, mtoto wa Mhaya Mkatoliki, mtoto wa Mnyakyusa Mmoravian na mtoto ambaye wazazi wake bado waliwatolea sadaka mababu walikaa dawati moja, wakalala bweni moja, wakala ugali wa sufuria moja. Walisoma kwa Kiswahili shule ya msingi, walicheza mpira pamoja, na waliporudi likizo kila mmoja alikuwa na rafiki wa dini nyingine. Tunapojivunia kwamba Watanzania hatuulizani dini wala kabila, tukumbuke kwamba tabia hiyo ilipata kufundishwa mahali, na mahali pamoja pakubwa palikuwa yale majengo tuliyoyaacha.

Tunda la pili liliota ndani ya Kanisa lenyewe. Kwa miaka mingi mzazi Mkatoliki alimwachia padre na mwalimu kazi ya kumfundisha mwanawe imani. Sasa shule haikuwa tena ya padre. Mzazi akalazimika kukumbuka ahadi aliyoitoa siku ya ubatizo. Katekista, yule aliyesahauliwa tangu siku za ruzuku, akaonekana tena kuwa nguzo. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ambapo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao. Kupotea kwa shule hakukuwa sababu pekee ya uamuzi huo, lakini kulisaidia kutufungua macho. Kanisa lililozoea kukutana katika madarasa likajifunza kukutana nyumba kwa nyumba.

Tunda la tatu ni mlei Mkatoliki katika kazi ya umma. Mwalimu aliyefundishwa na misioni, sasa akiwa mtumishi wa Serikali katika wilaya isiyokuwa na hata kigango kimoja, alilibeba Kanisa pamoja naye bila kengele wala msalaba juu ya paa. Alilibeba katika uaminifu wake kwa chaki na kwa fedha za shule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kufundisha kwamba ulimwengu wa kazi na siasa ni shamba la walei. Hapa kwetu mafundisho hayo yalitekelezwa na walimu ambao pengine hawakuwahi kuisoma hati yenyewe.

Na kuna tunda jingine ambalo lilichelewa kuiva. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kilianza kazi Morogoro, katika majengo yaliyokuwa ya Shirika la Umeme, ambayo Serikali iliyatoa kwa ajili hiyo wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Mkapa alikuwa Mkatoliki, na alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Pugu. Sisemi kwamba tendo moja linafuta manung'uniko ya miaka themanini. Nasema kwamba mwanafunzi wa shule ya mapadre alielewa kuwa mtoto wa jirani naye anastahili mlango.

Wapenzi wasikilizaji, historia haikuishia hapo, na hapa ndipo inapotugusa sisi wenyewe. Katika miaka ya 1980 Serikali iliona kwamba haiwezi peke yake, ikawaruhusu watu binafsi na mashirika ya dini kufungua tena sekondari. Mwaka 1992 makanisa na Serikali yalitia sahihi makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, ikaundwa tume ya Kikristo ya huduma za jamii. Ndugu zetu Waislamu waliyalalamikia makubaliano hayo, na malalamiko yao yastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa kuwa yanatoka kwenye kumbukumbu ile ile ya mtoto aliyebaki nje. Mwaka 1998 chuo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1960, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Majimbo na mashirika ya watawa yakajenga sekondari nyingi, na kwa miaka mingi shule hizo zilitajwa juu kabisa katika orodha za matokeo ya mitihani ya taifa.

Tumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini tujiulize swali ambalo Bagamoyo inatuuliza: ni nani anayekaa kwenye madawati hayo leo?

Tangu mwaka 2016 mtoto anaweza kusoma shule ya Serikali bila ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Katika shule nyingi za Kanisa ada yake ni mzigo ambao mkulima wa mahindi wa Sumbawanga, mvuvi wa Kilwa au mama muuza mboga wa Mwanza hawezi hata kuukaribia. Hatuwalaumu wakuu wa shule hizo. Walimu wanapaswa kulipwa, umeme unapaswa kulipwa, na ruzuku za zamani hazipo tena. Ila tuitambue hatari. Zamani mtoto alibaki nje kwa sababu ya dini yake. Yawezekana leo anabaki nje kwa sababu ya mfuko wa baba yake, hata kama amebatizwa, hata kama babu yake alibeba mawe ya msingi wa shule hiyo hiyo. Ukuta umebadilishwa jina tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaja watu watatu ambao shule ya Kikatoliki yapasa iwajali kwa namna ya pekee: aliye maskini wa mali, aliyekosa msaada na upendo wa familia, na ambaye hana kipaji cha imani. Tazameni jinsi mafundisho hayo yanavyomwelezea mtoto wa Bagamoyo wa mwaka 1868. Hakuwa na mali, hakuwa na familia, hakuwa mbatizwa. Yeye ndiye kipimo. Shule ya Kanisa ambayo haina nafasi kwa mtoto wa namna hiyo inaweza kuwa shule nzuri sana, lakini lazima ijiulize jina lake linatoka wapi.

Basi tufanye nini? Jimbo lenye shule litenge kila mwaka nafasi za watoto wasioweza kulipa, wala lisingoje mfadhili kutoka ng'ambo. Jumuiya ndogondogo zenye familia kumi au kumi na tano zinaweza kumlipia mtoto mmoja. Zikishindwa mtoto mzima, zilipe sare na madaftari. Haba na haba hujaza kibaba. Wazazi wenye uwezo, ambao wanao wamo katika shule hizo, wasiziangalie kama duka ambamo wamenunua matokeo, bali wakubali ada zao ziwe na fungu la jirani. Na watoto Waislamu wanaokuja kwetu waheshimiwe katika sala yao, chakula chao na jina lao, wasiwe na hofu ile iliyowafukuza babu zao mlangoni.

Tusizisahau pia shule za Serikali, maana huko ndiko waliko watoto wetu walio wengi. Tuhudhurie mikutano ya wazazi. Tuwape watoto wetu katekista aliyeandaliwa kwa ajili ya kipindi cha dini, asiwe yule aliyepatikana dakika ya mwisho. Shule iliyo jirani na parokia, hata kama ufunguo wake uko kwa ofisa elimu, ni mali yetu kama raia, na watoto wake ni wajibu wetu kama Wakristo.

Wagiriki wale walimwendea Filipo wakitaka kumwona Yesu. Injili haituambii kama siku ile walimwona au hapana. Inatuambia tu kwamba Bwana alianza safari ya kwenda kufa, na kwamba akiinuliwa juu atawavuta wote kwake. Neno ni hilo, wapendwa: wote. Mtoto asiye na ada bado anagonga, na shule yoyote inayotaka kuitwa ya Kristo itapimwa kwa jinsi inavyomwitikia.

Mwenyezi Mungu aijalie nchi yetu walimu waaminifu, wazazi wenye kujali na watoto wenye kiu ya kujua. Nawatakieni Jumapili njema. Tumsifu Yesu Kristo.